Dawa ya Foreman

Uwanja wa Tata Raphaël uko Kalamu, jijini Kinshasa, mwendo mfupi kutoka Matonge, mtaa wa muziki na bia. Wabelgiji waliujenga mwaka 1952 wakauita kwa jina la mfalme wao Baudouin. Rais Mobutu akaupa jina la Mei 20, siku kilipoasisiwa chama chake, na baadaye ukaitwa kwa heshima ya padri Raphaël de la Kethulle, aliyewalea vijana wengi wa mji huo kimichezo. Humo ndimo, alfajiri ya Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali wa miaka 32 alipomlaza sakafuni George Foreman wa miaka 25 katika raundi ya 8. Karibu ubishi wote wa mashabiki wa masumbwi umo ndani ya pambano hilo moja: nani anamweza nani, bondia huzeeka lini, na nani kala dawa.

Kinshasa ni mji wa Kilingala. Kiswahili husikika midomoni mwa watu waliotoka Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kisangani, nao si haba. Mwandishi wa makala haya alifikishwa uwanjani na kijana wa Lubumbashi anayeendesha wewa, jina wanaloziita pikipiki za abiria huko. Alizaliwa miaka mingi baada ya pambano, lakini alilisimulia raundi kwa raundi kama mtu aliyekuwa ameshika taulo kwenye kona ya Ali. Kinshasa hilo si ajabu. Wakihesabiwa wazee wote wanaoapa kwamba waliingia usiku ule, uwanja uliopokea watu wapatao 60,000 ungehitaji kujengwa mara kumi.

Pambano lilipangwa Septemba 25. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, ikabidi lisogezwe zaidi ya mwezi mmoja, hadi msimu wa mvua ulipokuwa umeanza. Tamasha la muziki lililoambatana nalo halikungoja: James Brown, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley waliimba Septemba hiyohiyo, watazamaji wa Kimarekani waliotarajiwa wakiwa hawajafika. Mabondia walipanda ulingoni saa kumi alfajiri, kwa sababu saa hiyo ilikuwa saa nne usiku New York, na walipaji wakubwa walikuwa kwenye kumbi za sinema za Marekani. Promota Don King alikuwa amemwahidi kila mmoja dola milioni 5, fedha ambazo hakuwa nazo, na Mobutu ndiye aliyemsitiri kwa hazina ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Muda mfupi baada ya Foreman kuhesabiwa, mvua kubwa ilishuka na uwanja ukajaa maji. Ingewahi kidogo tu, huenda dunia ingebishana kuhusu pambano lililoahirishwa mara ya pili.

Kabla ya usiku huo mashabiki walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo ingali hai katika kila kijiwe. Joe Frazier alimpiga Ali mwaka 1971. Ken Norton alimpiga Ali na kumvunja taya mwaka 1973. Foreman alimwangusha Frazier mara 6 ndani ya raundi 2 huko Kingston, Jamaika, Januari 1973, kisha akamaliza kazi na Norton katika raundi 2 huko Caracas, Machi 1974. Basi kama huyu kampiga yule, na yule alimpiga Ali, Ali atapona wapi? Hata waandishi waliompenda walihofia uhai wake.

Hesabu ya namna hiyo haifui dafu ulingoni, kwa kuwa bondia hapimwi peke yake. Frazier na Norton walikuwa watu wa kwenda mbele, na Foreman alimtaka hasa mtu anayemjia. Ali hakumjia. Alijibanza kwenye kamba, akafunika uso kwa glovu na mbavu kwa viwiko, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito kama magogo. Kamba zilikuwa zimelegea, hivyo Ali aliweza kuegemea nyuma kiasi cha ngumi nyingi za kichwa kupita hewani. Katika raundi ya 8 alichomoka kwenye kamba na mfululizo wa ngumi, ya mwisho ikiwa ya kulia, na mtu aliyekuwa hajapoteza pambano hata moja kati ya 40 akazunguka kama gunia lililokatwa kamba.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo ambayo lugha nyingine huyatenga. Dawa ni ya hospitali. Dawa ni ya mganga, na Kinshasa ya mwaka 1974 ilijaa uvumi wa waganga. Dawa ni ile ya kusisimua misuli, inayofanya wanamichezo wafungiwe. Tena mtu huweza kuwa dawa ya mtu: mkorofi wa mtaani anayenyenyekea mbele ya mmoja tu, watu husema dawa yake ni fulani. Kwa lugha hiyo, Norton alikuwa dawa ya Ali, Foreman alikuwa dawa ya Norton, na Ali akawa dawa ya Foreman. Shabiki wa Mbagala au Kariobangi anapotamka kwamba bondia fulani “kapewa dawa”, msikilizaji inabidi aangalie uso wake kwanza ajue anazungumzia duka la dawa, mganga au mpinzani.

Foreman mwenyewe aliyachanganya yote. Kwa miaka mingi baada ya kushindwa alitafuta sababu nje ya ngumi za Ali. Kambi yake ilidai kamba zililegezwa kwa makusudi. Angelo Dundee, kocha wa Ali, alikana: joto na unyevu ndivyo vilivyozilegeza. Foreman aliandika pia kwamba maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa, na tena yalitoka upande wake mwenyewe. Hakuna kilichowahi kuthibitishwa. Tuhuma ya dawa, hapo na kwingineko, huzaliwa baada ya matokeo, na aghalabu huzaliwa kwenye kona iliyoshindwa. Baadaye Foreman aliacha lawama, akawa rafiki wa Ali, na mwaka 1997, filamu ya pambano lao ilipopata tuzo ya Oscar, yeye ndiye aliyemshika mkono Ali kupanda jukwaani.

Ali alihitaji mkono huo. Simulizi za Kinshasa huusifu ujanja wa kamba, na hakika ulikuwa ujanja mkubwa, lakini mbinu ya kumchosha mpinzani kwa kupigwa hulipiwa na mwili. Kabla ya kufungiwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini, Ali alikuwa haguswi kwa sababu ya miguu yake. Aliporudi mwishoni mwa 1970, baada ya miaka mitatu na nusu nje ya ulingo, miguu ilikuwa imepungua kasi, akagundua kwamba anaweza kuvumilia ngumi. Kinshasa ilimthibitishia hivyo. Mwaka uliofuata, mjini Manila, yeye na Frazier walipigana raundi 14 katika joto kali, pambano ambalo Ali alisema lilimfikisha karibu na kifo. Mwaka 1977 alivumilia ngumi za Earnie Shavers raundi zote 15. Daktari wa kambi, Ferdie Pacheco, alipoona vipimo vya figo vya baada ya pambano hilo aliwaandikia barua Ali na watu wake kumtaka aache. Hakupata jibu, akajiondoa.

Njia ya kumfuata Ali kutoka Kinshasa huishia Las Vegas, mji wa jangwani usio na usiku. Abiria huingia kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege na kukutana na mashine za kamari zikimeta kabla ya kuliona sanduku lake. Hoteli za barabara kuu ndizo zilizoifanya Las Vegas makao makuu ya masumbwi. Pambano kubwa huvuta wacheza kamari wakubwa, na mcheza kamari akishafika, hoteli haina hofu juu ya bei ya tiketi. Mwandishi wa makala haya alipotembea kutoka Caesars Palace hadi MGM Grand, jua likiwa utosini, alikuwa ametembea juu ya nusu ya historia ya mchezo huo kwa saa moja hivi.

Caesars Palace walijenga uwanja wa muda kwenye maegesho yao, na hapo Ali, akiwa na miaka 38, alipanda ulingoni Oktoba 2, 1980 dhidi ya Larry Holmes, aliyewahi kuwa mshirika wake wa mazoezi. Waliomwona kabla ya pambano waliona mujiza. Kitambi kimekwisha, mvi zimepakwa rangi nyeusi, sura imerudi ya Kinshasa. Kitambi kilikwisha kwa msaada wa dawa ya tezi la shingo ambayo alipewa na ambayo aliizidisha. Dawa hiyo hukausha mwili, hupandisha mapigo ya moyo na humwacha mtu bila nguvu kwenye joto. Haikuwa dawa ya kuongeza nguvu kama ile inayozungumzwa leo. Ilimpa umbo la kijana na kumnyang'anya alichobakiwa nacho.

Kabla ya kumpa leseni, tume ya michezo ya Nevada ilikuwa na ripoti ya madaktari wa Mayo Clinic waliomchunguza. Ripoti ilitaja ugumu kidogo katika kuruka kwa mguu mmoja, kugusa pua kwa kidole na kuratibu matamshi. Leseni ilitoka. Majaji wote watatu walimpa Holmes kila raundi mpaka Dundee aliposimamisha pambano baada ya raundi ya 10, na Holmes, aliyempenda Ali, alilia. Mwaka mmoja baadaye, kwa kuwa majimbo ya Marekani hayakumtaka tena, Ali alipigana Nassau, Bahamas, na Trevor Berbick, akapoteza kwa pointi. Kengele ya ulingo haikupatikana, wakagonga ya ng'ombe. Mwaka 1984 ilitangazwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.

Holmes naye hakujifunza kwa mwenzake. Januari 1988, akiwa na miaka ileile 38, alikubali kupigana na Mike Tyson mjini Atlantic City na akaangushwa mara 3 katika raundi ya 4. Hata hivyo aliendelea, akapigana hadi mwaka 2002 akiwa na miaka 52, na mara ya mwisho alishinda. Shabiki anayesema bondia hafai baada ya miaka 35 ana Ali wa mwaka 1980 kama shahidi, na anayesema umri ni namba ana Holmes. Wote wawili hukosea kwa sababu wanahesabu miaka, na kinachozeesha bondia ni ngumi alizokula.

Mwaka 1994 Las Vegas ilionyesha jambo hilo mara mbili ndani ya miezi minne. Robert Wangila Napunyi ndiye Mkenya pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ngumi, Seoul 1988. Baada ya Seoul aligeuka kulipwa na kuhamia Marekani. Julai 1994 alipigana na David Gonzalez jijini humo. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya 9, na Wangila alipinga, akisema bado anaweza. Alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo na akafariki hospitalini. Alikuwa na miaka 26. Miaka mingi wapenzi wa ngumi wa Nairobi walibishana kama refa aliwahi au alichelewa. Kwa kuwa madhara ya ubongo hukusanyika katika mapambano na mazoezi mengi kabla ya ngumi inayoonekana, swali la refa huenda ni dogo kuliko linavyofanywa.

Novemba 5 mwaka huohuo, ndani ya MGM Grand, George Foreman alipanda ulingoni akiwa na miaka 45 na bukta nyekundu aliyoivaa Kinshasa. Kwenye kona yake alisimama Angelo Dundee, yuleyule aliyemsaidia Ali kummaliza miaka 20 nyuma. Michael Moorer, bingwa wa miaka 26 anayetumia mkono wa kushoto, alimpiga kwa raundi 9 na kumwongoza kwenye kadi zote. Katika raundi ya 10 Foreman alituma ngumi moja ya kulia, fupi, isiyo na madoido, ikatua kidevuni. Moorer hakuamka. Foreman akawa bingwa wa uzito wa juu mwenye umri mkubwa kuliko wote kabla yake.

Mashabiki huisimulia ngumi hiyo na kuacha mambo mawili. La kwanza ni kwamba Foreman alikaa nje ya ulingo miaka 10, kuanzia 1977 hadi 1987, akihubiri kanisani Texas. Miaka hiyo kumi, ambayo kwa bondia wa kawaida ndiyo ya kupigwa sana, kichwa chake kilipumzika. La pili ni kwamba alichobakiwa nacho ndicho hukawia kuondoka. Kwa bondia, wepesi wa miguu hutangulia kuondoka, kisha macho na mkono huchelewa kuelewana, halafu kidevu huacha kuvumilia. Uzito wa ngumi hubaki mpaka mwisho. Ali alijengwa juu ya kile kinachoondoka kwanza, Foreman juu ya kile kinachokaa. Foreman alifariki Machi 2025 akiwa na miaka 76, maneno yake yakiwa yamenyooka.

Kwa upande wa kupanga mapambano, Las Vegas ina hadithi moja ambayo watu wa Kampala wana haki ya kuidai. Machi 10, 1986, John Mugabi, Mganda aliyeitwa “Mnyama”, alikutana na Marvin Hagler hapohapo Caesars Palace. Mugabi alikuwa amewamaliza wapinzani wake wote kwa KO. Aliangushwa katika raundi ya 11, lakini kabla ya hapo alimpiga Hagler sana, na Sugar Ray Leonard, aliyekuwa karibu na ulingo, akaona kwamba Hagler amepungua. Leonard alikuwa amepigana mara moja tu kwa miaka mitano. Akarudi, na Aprili 1987 akamshinda Hagler kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika, ambao mpaka leo haujakubalika na nusu ya mashabiki. Hagler aliacha ngumi. Kwa mizani ya mwandishi huyu, nusu ya ushindi wa Leonard aliifanya Mugabi.

Kulenga mzee aliyepungua ndiyo kazi ya promota mwenye jicho. Kinyume chake ni kibonde, mpinzani anayeletwa kumpamba nyota. Kibonde naye ana siku yake. Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga aliitwa Birmingham kuwa mpinzani wa Sam Eggington mbele ya watu wa nyumbani kwake. Alimmaliza katika raundi ya 2, na watu wa Dar es Salaam waliokuwa hawajui jina lake wakaamka wanalijua. Juni 2019 mambo yaligeuka kwa mlango wa dawa. Jarrell Miller aliyepangiwa kupigana na Anthony Joshua jijini New York alikutwa na vitu vitatu vilivyokatazwa, ikiwemo EPO, ambayo huongeza chembe nyekundu za damu. Nafasi ikaenda kwa Andy Ruiz, mtu wa kitambi na mikono ya haraka, akiwa na takriban mwezi mmoja tu wa kujiandaa. Alimwangusha Joshua mara 4 na kumaliza kazi katika raundi ya 7. Kipimo cha mkojo kilikuwa kimemletea Joshua dawa yake.

Kuhusu dawa zenyewe, shabiki wa kawaida huamini kwamba steroidi ni ya kufanya misuli itune. Faida kubwa kwa bondia ni kupona haraka. Dawa hizo humwezesha kufanya mazoezi makali leo na kuyarudia kesho, jambo ambalo mwili wa miaka 37 hulikataa. Ndiyo maana suala la dawa na suala la uzee hayawezi kutenganishwa. Septemba 2003, Las Vegas, Shane Mosley alimshinda Oscar De La Hoya, na baadaye alikiri mbele ya wachunguzi kwamba alitumia EPO na steroidi za maabara ya BALCO, ingawa alisema hakujua ni nini. Matokeo hayakufutwa. Mkimbiaji angenyang'anywa medali. Katika ngumi, ambako aliyeongezewa nguvu humpasua mwenzake uso, ushindi ulibaki kitabuni.

Sababu ni kwamba ngumi za kulipwa hazina mwenyewe. Kila jimbo la Marekani lina tume yake, Uingereza ina bodi yake, na mashirika ya mikanda yanavuta kila moja upande wake. Shirika la hiari la kupima, VADA, lilianzishwa mwaka 2011, lakini kwa sehemu kubwa hupima pale kambi mbili zinapokubaliana kulipia, tena kwa majuma machache kabla ya pambano. Upimaji wa damu ndiyo sababu iliyotajwa mwaka 2010 pambano la Floyd Mayweather na Manny Pacquiao lilipokwama. Mayweather alidai vipimo vya kushtukiza, Pacquiao akasita, na mashabiki wakagawanyika: wapo walioona Pacquiao anaficha, wapo walioona Mayweather anamkimbia. Walipokutana Mei 2, 2015, mmoja akiwa na miaka 38 na mwingine 36, kaya milioni 4.6 za Marekani zililipia, na wengi walilala wakisema wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pambano linaloshindana na hilo kwa ubishi ni la Saúl “Canelo” Álvarez na Gennady Golovkin. Mara ya kwanza, Septemba 2017, walitoka sare, ingawa jaji mmoja alimpa Canelo raundi 10 kati ya 12, kadi ambayo hata mashabiki wa Canelo waliisoma mara mbili. Kabla ya marudiano ya Mei 2018, Canelo alikutwa na clenbuterol. Ni dawa ya pumu ambayo wafugaji wengine huwapa ng'ombe ili nyama iwe na mafuta machache. Canelo alilaumu nyama ya kwao Meksiko, na utetezi huo haukuwa wa kuchekesha: mwaka 2011 wachezaji wengi wa soka walioshiriki Kombe la Dunia la vijana nchini humo walikutwa na masalia ya dawa hiyohiyo. Nevada ilimfungia miezi 6. Septemba 2018 alimshinda Golovkin, aliyekuwa na miaka 36, kwa pointi chache, na mwaka 2022 akamshinda kwa urahisi zaidi, Golovkin akiwa na miaka 40. Waliompenda Golovkin husema miezi ile ilimpa Canelo muda na kumzeesha mpinzani. Hoja hiyo ina uzito kuliko ile ya nyama, kwa kuwa nani alifaidika na ucheleweshaji huonekana kwenye kalenda, wakati kilichokuwa ndani ya nyama hakijulikani tena.

Nyama ilitajwa pia Uingereza. Tyson Fury alikutwa na nandrolone katika sampuli ya mwaka 2015 na akaeleza kwamba alikula nguruwe pori. Shauri liliisha mwishoni mwa 2017 kwa kufungiwa miaka 2 iliyokwisha kupita. Vijiweni mtu akasema basi mabondia wale mchicha.

Siku hizi msafiri anayefuata mapambano makubwa huelekea Riyadh. Fedha za Saudia zimekata kamba nyingi ambazo Las Vegas ilishindwa kuzikata. Mei 18, 2024, Oleksandr Usyk wa miaka 37 alimshinda Fury hapo na kukusanya mikanda yote 4 ya uzito wa juu. Diriyah, pembeni mwa Riyadh, ndiko pia Kongo ilikopoteza mkanda wake. Ilunga Makabu, aliyeutwaa ubingwa wa shirika la WBC mjini Kinshasa Januari 2020, aliwahi kutajwa kuwa mpinzani ajaye wa Canelo, na Canelo akachagua njia nyingine. Februari 26, 2023 Makabu alisimamishwa katika raundi ya 12 na Badou Jack, Mswidi mwenye asili ya Gambia, aliyekuwa na miaka 39, minne kumzidi.

Si kila pambano la mzee lina thamani hiyo. Novemba 15, 2024, huko Arlington, Texas, Mike Tyson wa miaka 58 alipigana na Jake Paul wa miaka 27 kwa raundi 8 za dakika mbili mbili. Katika dakika 16 ngumi zake zilizotua zilihesabiwa 18. Bernard Hopkins alikuwa wa aina nyingine: aliivunja rekodi ya Foreman mwaka 2011 akiwa na miaka 46, kwa kujilinda kuliko kupiga, lakini naye katika pambano lake la mwisho, akiwa na miaka 51, alirushwa nje ya kamba.

Riyadh ina saa moja na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Pambano kubwa la huko huanza karibu na saa saba usiku, wakati kibanda umiza bado kina watu. La Las Vegas huingia Jumapili asubuhi, saa za kwenda kanisani. Mwandishi wa makala haya alilitazama la Pacquiao na Mario Barrios asubuhi ya Julai 20, 2025 katika kibanda kimoja Manzese. Pacquiao alikuwa na miaka 46, akitoka kwenye mapumziko ya miaka minne, na Barrios ndiye aliyekuwa bingwa. Mpaka raundi ya 9 kibanda kizima kilikuwa upande wa mzee. Kuanzia ya 10 Barrios akaamka, mzee akatafuta pumzi. Majaji wawili walitoa 114 kwa 114, wa tatu akampa Barrios 115 kwa 113. Kundi la mbele likasema mzee kaibiwa, la nyuma likasema mzee kabebwa, na fundi wa magari aliyekaa mlangoni akataka kujua kwanza mzee anatumia nini. Mkanda ukabaki kwa Barrios. Waliobashiri sare, kama walikuwapo, hawakujitokeza.